Tai na Mtoto: Bahati ya Nyumba Moja ya Kinywaji Mjini Oxford

Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na neno la Kiingereza "pub" hukosa neno moja la kulitosheleza. Baa asili yake ni meza ya kuuzia, ambayo jina lake limeenea hadi kuitwa nyumba nzima. Kilabu latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya chama cha wanachama maalumu. Lakini silabi yake ya kwanza ilipochukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, likapata wingi vilabu, na mojawapo ya maana zake ikawa mahali ambapo mtu yeyote huuziwa pombe. "Pub", kwa upande wake, ni mkato wa maneno yenye maana ya nyumba ya umma. Makala haya yakusudia kuonyesha, kwa mfano wa nyumba moja, kwamba umma huo hautokani na pombe, bali hutegemea mwenye kuta na wenye mazoea.

Nyumba yenyewe ni Eagle and Child, yaani Tai na Mtoto, iliyoko katika mtaa wa St Giles' mjini Oxford. Jina hilo limo katika kumbukumbu tangu mwaka 1684. Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 1393 Mfalme Richard II aliwaamuru wauza pombe watundike alama mbele ya nyumba zao. Ndiyo maana majina mengi ya nyumba hizo ni picha zilizogeuka maneno. Picha hii huhusishwa na nembo ya ukoo wa Stanley, na hekaya ya mtoto mchanga aliyeokotwa katika kiota cha tai. Wanywaji nao waliipa lakabu ya "Bird and Baby", Ndege na Kitoto. Hapo tai wa nembo ameshushwa cheo akawa ndege tu, na silabi za mwanzo zikalandana. Lugha ya mazoea huanza kwa kuondoa heshima.

Umaarufu wake mkubwa uliletwa na kikundi cha Inklings, ambacho jina lake lachezea maana mbili: wino na dokezo. Humo walikuwamo C. S. Lewis, J. R. R. Tolkien, aliyekuwa profesa wa Kiingereza cha kale tangu 1925 hadi 1945, na Charles Williams, aliyehamia Oxford mwaka 1939. Kazi zao walisomeana usiku katika vyumba vya Lewis chuoni. Katika nyumba hii walikutana mchana, kwa kawaida siku ya Jumanne, katika chumba cha nyuma. Ndani ya nyumba ya umma, basi, palikuwa na kilabu kwa maana ya Kiingereza. Mwaka 1962 nyumba ilibadilishwa, chumba kile kikapoteza faragha yake, nao wakahamia Lamb and Flag, ng'ambo ya mtaa. Nyumba ilipanuliwa kwa ajili ya wengi, ikawapoteza wale walioipa jina.

Kuta zilikuwa mali ya University College tangu karne ya 17. Mwishoni mwa 2003 ziliwekwa sokoni, zikanunuliwa na St John's College. Machi 2020 maradhi ya korona yaliifunga nyumba, na kufunguliwa kwa nchi hakukuifungua. Mwaka 2023 ilinunuliwa na Ellison Institute of Technology, iliyotangaza nia ya kuikarabati na kuirudisha katika kazi yake. Lamb and Flag nayo, ambayo faida yake ilisaidia kuwasomesha wanafunzi wa udaktari, ilifungwa mwaka 2021. Lakini wenyeji walijiundia kampuni ya kijamii, wakaifungua tena Oktoba 2022. Mtaa ni ule ule, na hasara ni ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba huku mazoea yalijipatia mkataba.

Kwa mfasiri, fundisho ni hili: baa hutaja kinywaji, kilabu hutaja watu, wala hakuna hata moja linalotaja haki ya kuingia. Neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na chumba kile cha nyuma halihusiani na pombe kabisa, nalo ni baraza: mahali pa mwenye nyumba, palipokuwa pa wengine kwa kukaliwa kila siku.