Sarafu za Kigeni Katika Kasha la Chama

Katika ukaguzi wa kushtukiza nilioufanya mwaka juzi kwenye chama kimoja cha msingi, fedha taslimu zilipungua kwa shilingi 84,000. Daftari la fedha lilikuwa safi, stakabadhi zilifuatana kwa nambari, wala hapakuwa na mahali palipofutwa. Nilipomwuliza Katibu upungufu huo umetoka wapi, aliinama chini ya meza akatoa kopo la majani ya chai lililojaa sarafu za Uingereza. "Fedha ni hizi, Ndugu Mkaguzi," alisema. "Hazikupungua hata senti."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwanachama mmoja aliyeishi Uingereza miaka kumi na mmoja alirejea nyumbani mwaka 2016. Noti zake alizibadilisha benki mara alipofika, bali sarafu zilikataliwa, akaziweka kabatini. Miaka ikapita. Chama kilipowataka wanachama wakamilishe hisa zao, alizileta sarafu hizo, jumla yake paundi 28. Katibu akakadiria paundi moja kuwa shilingi 3,000, akiamini amepunguza vya kutosha ili chama kisipate hasara, akaandika stakabadhi na kuziingiza daftarini kama fedha taslimu. Tangu siku hiyo alikuwa akizipeleka benki na kurudi nazo.

Katibu huyu hakuwa mwizi. Hata hivyo, mbele ya sheria fedha iliyoandikwa daftarini na isiyoweza kuwekwa benki ni upungufu, na upungufu humwandama mwenye ufunguo wa kasha. Kwa kuwa katika vyama vyetu wapo wengi wenye watoto na ndugu walioishi ng'ambo, yafaa jambo hili lieleweke.

Kwanza, kwa nini sarafu zikataliwe hali noti za nchi ile ile zinapokelewa? Benki na maduka ya kubadilishia fedha huishi kwa kuuza tena fedha walizonunua, au kuzirudisha zilikotoka. Noti ni nyepesi, na bahasha moja yaweza kubeba mamilioni. Sarafu ni mzigo. Kilo moja ya peni za Uingereza, zile zenye rangi ya shaba, haifiki paundi tatu. Nauli ya kuirudisha yaizidi thamani yake. Lakini si sarafu zote zilizo sawa. Kilo moja ya sarafu za yuro mbili ina sarafu 117 hivi, nazo ni zaidi ya yuro 230. Kwa hiyo mwenye kopo aanze kwa kuchambua: sarafu kubwa za kila nchi ziwekwe kando, na chenji ndogo ndogo ziwekwe kando. Aghalabu ataona kwamba uzito wote uko kwenye chenji, na thamani yote iko kwenye sarafu chache.

Pili, aitazame sarafu yenyewe kama bado ni fedha. Hapa ndipo Katibu wetu alipoteleza. Katika zile paundi 28, paundi 19 zilikuwa sarafu za paundi moja za mviringo. Uingereza ilitoa sarafu mpya ya paundi yenye pembe 12 mwezi Machi 2017, na ile ya mviringo ikaondolewa katika matumizi tarehe 15 Oktoba mwaka huo huo. Dukani haipokelewi tena, ingawa mwenye akaunti katika benki za huko bado aweza kuiweka. Wapo pia wazee wetu waliosoma katika Chuo cha Ushirika cha Uingereza kilipokuwa Stanford Hall, karibu na Loughborough. Sarafu zao kubwa za peni 5, 10 na 50 zilikwisha muda wake katika miaka ya 1990, 1993 na 1998.

Waliosoma Sweden wajue kwamba sarafu za zamani za krona moja, mbili na tano zilikoma tarehe 30 Juni 2017, na Benki Kuu ya huko haizikomboi. Ile ya krona 10 ingali halali.

Ujerumani ni habari ya kupendeza zaidi. Sarafu za iliyokuwa Ujerumani Mashariki, nyingi zikiwa nyepesi za aluminiamu zenye nyundo na bikari, zilipoteza nafasi yake baada ya muungano wa fedha wa Julai 1990. Leo hutafutwa na wakusanyaji tu. Bali marki ya Ujerumani Magharibi, ambayo baadaye ilikuwa ya Ujerumani nzima mpaka yuro ilipoingia mikononi mwa watu mwaka 2002, bado hubadilishwa na Benki Kuu ya Ujerumani, noti na sarafu, bila kikomo cha muda. Kiwango hakibadiliki: yuro moja kwa marki 1.95583. Mzee mwenye marki 50 katika mtoto wa meza ana yuro 25 na senti 56, ilimradi apate mtu wa kuaminika aendaye huko. Faranga za Ufaransa hazina bahati hiyo; mlango wa sarafu zake ulifungwa mwaka 2005.

Marekani haijafuta sarafu yake yoyote. Hata senti moja, ambayo utengenezaji wake kwa matumizi ya kawaida ulikoma Novemba 2025, bado ni fedha halali. Tena atazame mwaka: sarafu za senti 10, 25 na 50 zilizoandikwa 1964 au kabla ya hapo zina fedha halisi, ile ya sonara, sehemu 90 katika 100, nazo hazistahili kutumiwa kama chenji. Wala asizisugue kwa mchanga ili zing'ae, maana mkusanyaji hushusha bei ya sarafu iliyosuguliwa.

Warudio kutoka Oman hupoteza kidogo, kwani huko hata nusu riali na baisa 100 ni noti. Kwa wote walio bado ng'ambo, dawa ni kulipia mahitaji ya mwezi wa mwisho kwa sarafu, au kuziweka katika akaunti kabla ya kuifunga. Kama zimebaki, yapo mashirika ya ndege yanayozikusanya kwa ajili ya UNICEF, katika mpango ulioanza mwaka 1987.

Sasa turudi ofisini. Hisa, ada na marejesho ya mikopo yapokelewe kwa shilingi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekwisha kukataza malipo ya bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni, na Katibu asijitafutie mashaka. Mwanachama akiomba chama kimtunzie sarafu, zihesabiwe mbele ya shahidi, ziandikiwe hati ya amana inayotaja idadi na aina tu, bila thamani ya shilingi, na zifungwe mbali na fedha za chama. Hesabu ya hisa zake isiguswe mpaka shilingi zenyewe zifike.

Kuhusu kopo lile, Katibu alilipa shilingi 84,000 mfukoni mwake siku ile ile, kama ilivyompasa. Binti wa jirani aliyekuwa akienda kusoma Uingereza alizichukua sarafu: paundi 9 zilizo halali alizitumia kwa nauli za basi, zile 19 akaziweka katika akaunti yake, kisha akamtumia mwanachama fedha zote kwa njia ya simu. Bodi ikaidhinisha kufutwa kwa stakabadhi ya kwanza, mwanachama akalipa hisa zake kwa shilingi, na Katibu akarejeshewa fedha zake baada ya miezi saba. Nilipopita tena ofisini pale, kopo lilikuwa juu ya meza, lina majani ya chai.