Ukifika Lisbon, ulizia dhahabu ya Kilwa

Asubuhi, waongoza watalii wa Lisbon huwakusanya wageni katika uwanja wa Rossio, penye sakafu ya vijiwe vyeusi na vyeupe vilivyopangwa kwa mtindo wa mawimbi. Ziara nyingi huitwa za bure: hakuna kiingilio, ila mwishoni kila mtu hutoa bakshishi kwa kadiri alivyoridhika. Vaa viatu visivyoteleza. Jiji limejengwa vilimani, na vijiwe hivyo vimesuguliwa na nyayo hadi vinang'aa; manyunyu kidogo tu yanatosha kumwangusha mtu.

Karibu na Rossio lipo kanisa la São Domingos. Liliungua mwaka 1959, na nguzo zake zilizobabuka zimeachwa zionekane. Nje, kiwanjani, kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na umati mwaka 1506. Kiwanja hicho hicho ndicho baraza la Waafrika wa Lisbon, wengi wao wa asili ya Guinea-Bissau, wanaokutana hapo kupeana habari.

Kusini ya hapo ni Baixa, mtaa wa barabara zilizonyooka. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliubomoa. Maji yakafurika kutoka mto Tejo, kisha moto ukamaliza yaliyosalia. Waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, aliujenga upya mtaa huo, kuta zikatiwa fremu za mbao ili zihimili mitikisiko. Juu kilimani, kanisa la Carmo halijaezekwa tangu siku ile. Katika kambi iliyo jirani nalo, Waziri Mkuu Marcelo Caetano alisalimu amri tarehe 25 Aprili 1974. Wanajeshi waliompindua walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Na Frelimo, iliyopigana Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962.

Kutoka hapo waongozaji wengi hupanda Alfama, mtaa wa vichochoro ulionusurika tetemeko. Ni pazuri, lakini mtu wa pwani yetu ana sababu ya kuelekea magharibi.

Njia hiyo inapita barabara ya Poço dos Negros. Katikati ya karne ya 16, takriban mtu mmoja kati ya kumi jijini alikuwa mtumwa. Maiti za watumwa zilitupwa ovyo, na mwaka 1515 Mfalme Manuel I akaagiza lichimbwe shimo la kuzitupia na kumwagiwa chokaa mara kwa mara. Jina la barabara hiyo, yaani "Kisima cha Weusi", linahusishwa na shimo hilo.

Endelea hadi Janelas Verdes, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Humo kuna chombo cha kuwekea Ekaristi kinachoitwa Custódia de Belém, kazi inayosadikiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wa dhahabu na rangi wamepiga magoti kukizunguka. Maandishi ya kwenye kitako chake hayafichi kitu: Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika mwaka 1506.

Kodi hiyo haikutolewa kwa hiari. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtisha mtawala wake, Amir Ibrahim, mpaka akalipa. Dhahabu ilikuwa imeitajirisha Kilwa kwa biashara yake na bandari ya Sofala. Kulipa hakukuiokoa: mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, ukaporwa, na Wareno wakajenga ngome.

Baada ya hapo panda tramu namba 15 hadi Belém. Kaburi la da Gama limo ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, ambayo mfalme yule yule aliirithisha chombo kile. Watalii hupanga foleni ndefu kustaajabia mawe yake yaliyochongwa kamba za meli na viumbe vya baharini. Ujenzi wake uligharimiwa na ushuru wa asilimia 5 wa biashara ya Afrika na Mashariki.

Mwongoza watalii atakusimulia ujasiri wa mabaharia, naye hatadanganya. Kabla hujampa bakshishi yake, mwulize na upande wa pili wa hesabu: nani alilipa? Mwenye kutoka Kilwa, Mombasa au Sofala ana haki ya kusubiri jibu.