Je, Wajua? Kuna kadi ya mtandao isiyoshikika

Kompyuta moja tu mtaani Buyenzi, Bujumbura, inaweza kuwa na kadi kadhaa za mtandao ambazo hakuna aliyezinunua. Programu ya QEMU, aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, huziiga kwa msimbo mtupu. Mojawapo ni nakala ya 82540EM ya Intel.

Pakiti ikifika, kadi huikatiza prosesa ije ipokee mzigo. Nakala ikisahau kuita, pakiti husota kwenye foleni. Ikisahau kunyamaza, ni balaa: prosesa huitwa tena na tena, bure.

Mfumo endeshi wa Linux una subira ya ajabu. Katika miito 100,000 ya laini moja ya kuitia prosesa, isiyo na mwenyewe ikizidi 99,900, ndipo huifunga laini. Pia huandika, kwa uchungu kidogo, kwamba hakuna aliyejali.

La kushangaza zaidi ni rejista ya kadi hiyo, inayotunza sababu za miito. Ikisomwa, inajifuta! Fundi akiichungulia kutoka ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigwa na QEMU, amefuta ushahidi wake mwenyewe. Wajanja huisoma kwa nje, kwenye kumbukumbu ya QEMU. Huko haifutiki.