MGENI ALALAYE SHAMBANI NA HAKI YA MWENYEJI

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni apone, bali mwenyeji. Methali hii yafaa ikumbukwe Ruaha Mbuyuni, ambako usiku madereva hulala ndani ya malori yao, hatua chache tu kutoka bustani za vitunguu za wananchi.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Ruaha Mbuyuni iko katika Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa, mpakani na Mkoa wa Morogoro, katika bonde la Mto Ruaha Mkuu. Nchi yenyewe ni kavu, nchi ya mibuyu. Lakini penye mfereji hustawi vitunguu na nyanya, na kazi hiyo hufanywa na baba, mama na watoto wao. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia yapita hapo hapo. Ndiyo barabara iliyopata jina la Njia ya Jahanamu baada ya tarehe 11 Novemba, 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa uongo, na Zambia ikalazimika kupitisha mafuta yake huku, katika vumbi na matope.

Sasa barabara ni ya lami, lakini Mlima Kitonga haukuondoka. Dereva apandaye kwenda Iringa huona heri alale kwanza bondeni, aupande mlima akiwa na macho makavu. Kitanda chake ki nyuma ya kiti. Alfajiri huwasha moto wa gari, akaenda zake.

Kulala ndani ya gari katika shamba la familia si jambo geni duniani. Kule Ufaransa, tangu mwaka 1993, uko mpango uitwao France Passion. Wenye magari yaliyo nyumba hualikwa kulala usiku mmoja bila malipo katika mashamba ya mizabibu na mengineyo. Mgeni halazimishwi kununua kitu; lakini amelala hapo, ameiona kazi, na aghalabu haondoki mikono mitupu. Hapa kwetu shamba la Kisolanza, kati ya Iringa na Mafinga, limepokea kwa miaka mingi wasafiri walalao katika magari na mahema, na kuwauzia mazao ya shambani. Mizabibu yetu iko Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ruaha Mbuyuni wana vitunguu. Zao ni mbalimbali, lakini kanuni ni moja.

Je, mkulima wa Ruaha Mbuyuni apate nini kwa mgeni wake? Wa kwanza kupata ni mama lishe na muuza vitunguu wa kando ya barabara, na ni halali yao. Lakini dereva hawezi kupakia magunia juu ya mzigo wa watu. Atanunua ndoo moja ya kupeleka nyumbani. Faida iliyo kubwa kuliko ndoo hiyo ni habari.

Fikirini, ndugu. Mkulima hulea miche kitaluni kwa wiki sita hivi, kisha huihudumia shambani miezi mitatu au zaidi. Kitunguu kikisha komaa hakimngoji mtu. Hapo huja mnunuzi, akataja bei yake, akataka na gunia lishindiliwe mpaka liwe lumbesa, ingawa sheria za vipimo hazikubali gunia lipite kilo 100. Mkulima asiyejua bei ya mjini hana ulimi wa kubishana. Na usiku ule ule, nyuma ya nyumba yake, amelala mtu aliyetoka Dar es Salaam jana!

Wako watakaosema kwamba siku hizi kuna simu. Ni kweli. Lakini mara nyingi ajibuye simu ni dalali, naye bei ni riziki yake. Dereva hana fungu katika bei hiyo; kwa hiyo hana sababu ya kudanganya.

Basi yafaa serikali ya kijiji na wakulima watenge mahali maalumu pa malori kulala, pasiwe barabarani wala mfereji usikanyagwe. Pawe na maji, choo, taa na mlinzi, kwa ada ndogo inayojulikana. Asubuhi pawe na meza ya mazao yenye mizani ya haki, na ubao wa kuandikia bei zilizoletwa na madereva kutoka mijini. Hayo hayahitaji fedha za kigeni. Yahitaji watu kukaa pamoja na kupatana.

Wala mwenyeji asisahau wajibu wake. Dereva ni mfanyakazi, na usingizi ni sehemu ya kazi yake. Alalaye huku akihofia mafuta yake kufyonzwa hakulala, na uchovu wake utaonekana katika kona za Kitonga, palipo na basi lililojaa wake zetu na watoto wetu. Tukimlinda dereva tumejilinda wenyewe.

Mkulima ampe dereva usingizi wa amani. Dereva naye ampe mkulima habari ya kweli, na anunue ndoo yake kwa bei ya haki. Hapo mgeni atakuwa amekuja, na mwenyeji atakuwa amepona.