Kufundisha Habari za Wayahudi: Funzo Kutoka Mbale

Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha hukutana mapema na swali asilolitazamia. Mimi nililipata langu katika darasa la sita, siku niliyokuwa nikieleza chimbuko la dini zilizotoka Mashariki ya Kati. Mtoto mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hao Wayahudi wapo bado?" Nilimjibu kwa haraka kwamba hao walikuwa watu wa zamani, nikafuta ubao, nikaendelea na somo. Sikukusudia kumdanganya mtoto yule, lakini nilimdanganya. Nilimpa kile nilichokuwa nacho, nacho kilikuwa ni kumbukumbu za hadithi za dini nilizozisikia utotoni.

Katika shule nyingi za Nyakato mtoto wa Kikristo na mtoto wa Kiislamu huketi dawati moja. Wote wawili wamesikia habari za Wayahudi, mmoja katika Biblia, mwingine katika Kurani, na aghalabu wote wawili hawajapata kumwona Myahudi. Kwa hiyo neno la mwalimu ndilo watakaloondoka nalo. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mtarajiwa jinsi vyuo vikuu vinavyousoma Uyahudi, na namna njia hiyo inavyoweza kumsaidia katika darasa la shule ya msingi.

1. Vyuo vikuu husoma nini

Mwaka 1819 wasomi vijana wa Kiyahudi mjini Berlin waliunda chama cha kuchunguza historia na utamaduni wa watu wao kwa njia za kitaaluma, kama vile wengine walivyokuwa wakichunguza habari za Wagiriki na Warumi. Elimu hiyo ilikua polepole. Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem kilifunguliwa mwaka 1925, na mwaka 1930 mwanahistoria Salo Baron alianza kufundisha historia ya Wayahudi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Baron alipinga mtindo wa kuisimulia historia hiyo kana kwamba ni machozi matupu. Mateso yalikuwapo, na baadaye yalikuja makubwa kupita yote, pale Wajerumani wa Hitler walipowaua Wayahudi wapatao milioni 6. Hata hivyo watu hao pia walifanya biashara, waliandika vitabu, waliimba na kulea watoto, na mambo hayo nayo ni historia.

Mwanafunzi wa somo hili hupitia matawi matatu. Historia humfundisha Wayahudi waliishi wapi na lini, na kwa nini walihama. Utamaduni humwonyesha lugha zao, vyakula vyao, nyimbo na sherehe. Dini humweleza Torati, Sabato, tohara, sala, na sheria za kuchinja na kula. Si lazima mwanafunzi huyo awe Myahudi. Anachotakiwa ni kusoma maandiko, kulinganisha ushahidi na kutoa sababu. Hapo ndipo chuo kikuu kinapotofautiana na chuo cha marabi, ambacho humwandaa mwumini kuongoza waumini wenzake. Mmoja husoma ili aelewe, mwingine husoma ili pia ahudumie imani yake. Mwalimu wa shule ya msingi, awapo katika kipindi cha historia, yuko upande wa yule wa kwanza.

2. Wayahudi wa Mbale

Mfano ulio karibu nasi uko Uganda, ng'ambo ya ziwa letu, katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Mbale chini ya Mlima Elgon. Huko wanaishi watu waitwao Abayudaya, yaani Wayahudi kwa lugha ya Kiganda. Tuwatazame kwa matawi yale matatu.

Kihistoria, jumuiya hii ilianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda, kisha wakampunguzia madaraka aliyoyatarajia. Alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti, akajiunga na madhehebu ya Wamalaki waliokataa dawa za hospitali, na kwa kuzidi kuisoma Biblia akaamua kushika Agano la Kale peke yake. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Baada ya muda mfupi alikutana na mgeni wa Kiyahudi aliyeitwa Yosefu, ambaye aliwafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za chakula. Kakungulu alifariki mwaka 1928.

Chini ya utawala wa Idi Amin ibada za Kiyahudi zilipigwa marufuku. Wengi waliiacha dini hiyo, na wachache waliobaki waliomba kwa siri. Marufuku hiyo ilikoma Amin alipoangushwa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Wazee wetu wa Kanda ya Ziwa wanaikumbuka vizuri vita ile, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba ushindi wake uliwarudishia wakulima wa Mbale Sabato yao.

Kiutamaduni, watu hawa ni Waafrika wa Uganda kwa kila hali. Hulima kahawa na ndizi kama jirani zao, na huimba Zaburi kwa Kiganda na kwa Kiebrania, kwa mahadhi ya nyumbani kwao.

Kidini, hawakutosheka na kile walichojifunza wenyewe. Kijana wao mmoja, Gershom Sizomu, alikwenda Los Angeles mwaka 2003 kusomea urabi katika chuo kikuu cha Kiyahudi, akahitimu mwaka 2008 na kurudi kuwafundisha wenzake. Mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, walimchagua kuwa mbunge. Katika shule za jumuiya hiyo watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu husoma pamoja.

3. Njia za kufuata darasani

(a) Anza na ramani. Mwambie mtoto aonyeshe Mwanza, ziwa, kisha Mbale. Watu walio kwenye ramani yake hatawadhania kuwa wa hadithini.

(b) Tenganisha maneno. Myahudi ni mtu wa ukoo au dini ya Kiyahudi. Mwisraeli ni raia wa dola la Israeli, lililoundwa mwaka 1948. Wako Waisraeli wasio Wayahudi, na wako Wayahudi wasio Waisraeli, kama hawa wa Mbale. Asiyetenganisha maneno haya atambebesha mkulima wa Uganda lawama au sifa za serikali asiyokuwa raia wake.

(c) Hakikisha jina kwa ushahidi. Mwaka 1903 Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi katika Afrika ya Mashariki. Mpango huo huitwa "wa Uganda", lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, katika Kenya ya leo. Mkutano wa Wazayuni ulioukataa ulifanyika mwaka 1905. Waache wanafunzi wenyewe waligundue kosa hilo katika ramani.

(d) Usiruhusu hukumu ya jumla. Mtoto akisema, "Wayahudi ndio waliomwua Yesu," usimkemee na usimwache. Muulize: ni watu gani hasa, waliishi lini, na nani alikuwa akitawala wakati huo? Atagundua kwamba Warumi ndio waliokuwa watawala, na kwamba mtoto wa Mbale hana neno la kujibu katika jambo hilo. Maneno kama hayo, yalipoachwa bila kusahihishwa karne nyingi huko Ulaya, yalisaidia kuandaa njia ya mauaji tuliyokwisha kuyataja.

(e) Usihubiri. Kusifu dini au kuikashifu si kazi ya kipindi cha historia. Eleza waumini wenyewe husema nini, kisha eleza ushahidi mwingine unasema nini.

Mwalimu wa shule ya msingi hana nafasi ya kusomea Uyahudi miaka mitatu chuo kikuu, wala hatakiwi. Anachoweza ni kuchukua tabia tatu za huko: kuuliza ushahidi, kuwasikiliza wahusika wenyewe, na kukiri asipojua. Laiti ningekuwa na tabia hizo siku ile, ningemjibu mtoto yule hivi: "Wapo, mwanangu. Wengine wako jirani zetu Uganda. Lete ramani tuwatafute."