Sarafu Moja, Hazina Nyingi

Katika madarasa yetu ya siasa makada huuliza: nchi zenye sarafu moja zikipatwa na msukosuko wa uchumi, nani hubeba mzigo? Tuitazame Ulaya. Tangu 1999 Benki Kuu iliyoko Frankfurt hupanga riba ya nchi zote za yuro. Kodi na matumizi vimebaki kwa kila serikali, kwa sharti kwamba nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa.

Ugiriki iliponaswa na madeni mwaka 2010 haikuweza kushusha thamani ya sarafu yake, maana haikuwa nayo. Iliahidiwa mkopo wa yuro bilioni 110, kwa sharti la kukata mishahara na pensheni. Mabenki yaliyokopesha ovyo yakalipwa. Kufikia 2013 zaidi ya robo ya nguvukazi ya Wagiriki haikuwa na kazi.

Mwaka 2020 UVIKO ulizikumba nchi zote, matajiri kwa maskini. Safari hii Benki Kuu ilinunua kwa wingi hati za madeni ya serikali, na Umoja wa Ulaya ukaamua kukopa kwa pamoja yuro bilioni 750, zaidi ya nusu yake ikiwa ruzuku. Elimu ya uchumi haikuwa imebadilika. Waliobadilika ni wagonjwa. Na lile sharti la asilimia 3? Lilisimamishwa hadi mwisho wa 2023.