Nilifuta Picha Kwenye Kompyuta Nikijua Ziko Wingu, Kumbe Nimefuta Kote

Leo sina somo la matangazo wala la kupanga bei. Leo nataka nikusimulie nilivyopoteza oda ya doti 40 za vitenge kwa kubofya kitufe kimoja tu, ili wewe usije ukakibofya.

Wanaonifahamu wanajua nauza vitenge na madera hapa Morogoro. Fremu yangu ni ndogo, wateja wengi wananikuta mtandaoni. Mzigo nachukua Kariakoo, ukifika tu napiga picha kila rangi, napiga na video fupi mteja aone kitambaa kilivyo. Kompyuta sijaisomea. Nimeishia kidato cha nne, mengine yote nimejifunza kwa kubofya na kuharibu.

Kompyuta yenyewe niliinunua ikiwa imetumika, diski yake ni ya GB 128. Ukiifungua inaandika GB 119, ila usidhani umepigwa: kiwanda na Windows wanahesabu GB kwa vipimo tofauti. Toa nafasi ya Windows, toa programu, kinachobaki cha biashara si kingi. Na video zinakula kweli kweli. Dakika moja ya video ya simu yenye ubora wa full HD inaweza kufika MB 100 na zaidi. Piga video kumi za dakika moja kila wiki, hiyo ni kama GB 1. Kwa mwaka umeshajaza GB 50 na picha hatujazihesabu.

Simu yangu ilishajaa zamani, kwa hiyo nilikuwa nahamishia picha kwenye kompyuta kisha nafuta kwenye simu. Siku moja kompyuta nayo ikawasha mstari mwekundu. Imebaki MB 300. Hata kufungua picha ilikuwa shida.

Nikasema sawa, watu wote wanasema weka vitu wingu. Nikaweka programu ya wingu, nikaburuta folda yangu ya "Picha za Duka" yenye GB 12 nikaiingiza kwenye folda ya wingu. Siku tatu nanunua bando la usiku, nalala kompyuta inapandisha picha. Siku ya nne zote zimepanda. Nikaangalia diski nikitegemea nafasi imeongezeka.

Wapi! Mstari ni mwekundu vilevile.

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Nikajiambia: picha si ziko wingu tayari? Basi hizi za kwenye kompyuta ni za kazi gani? Nikafuta folda nzima. Kompyuta ikaleta ujumbe wa kuniuliza kama nina uhakika, mimi hata sikuusoma, nikabofya OK. Nikamwaga na pipa la taka la kompyuta. Nafasi ikarudi, GB 12 nyeupe kabisa. Usiku ule nililala kama tajiri.

Kesho yake saa nne asubuhi akanipigia mama mmoja wa Songea. Anafungua duka, anataka doti 40 kwa bei ya jumla, 14,000 kila doti. Hiyo ni 560,000, na faida yangu pale ni 80,000. Akasema, "Mwanangu, nitumie picha zote nichague rangi, pesa natuma leo leo." Nikafungua programu ya wingu kwenye simu. Folda haipo. Nikazima simu nikawasha. Haipo. Aisee, nilisikia baridi ya miguu.

Fremu ya jirani kuna kijana fundi simu. Nikamkimbilia na kompyuta mkononi. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akaniambia, "Dada, wewe hukuhamisha mzigo. Uliweka kioo. Ukivua kofia hapa, na kwenye kioo imevuliwa."

Sasa naomba tuelewane hapa, maana hili ndilo somo lenyewe.

KUSINKI SI KUHAMISHA

Programu ya wingu ukiiweka kwenye kompyuta, kazi yake ni kusinki. Yaani inahakikisha kilichopo kwenye folda yako na kilichopo wingu vinafanana muda wote. Ukiongeza picha hapa, inaongezeka kule. Ukibadilisha jina hapa, linabadilika kule. Na ukifuta hapa, inafutwa kule pia. Haijui kama wewe ulikuwa unatafuta nafasi tu. Inachojua ni kwamba bosi amefuta, basi na mimi nafuta.

Ndiyo maana pia diski yangu haikupungua hata baada ya kupandisha GB 12. Picha zilipanda wingu na wakati huohuo zikabaki kwenye kompyuta. Sehemu mbili, mzigo ule ule.

Nikuelezee kibiashara. Kuna njia mbili za kukaa na wingu.

Ya kwanza, mzigo wote uko stoo na wote uko fremuni. Mteja akija, unatoa hapohapo, hata intaneti ikikatika. Lakini fremu inajaa.

Ya pili, mzigo wote uko stoo, fremuni umetundika sampuli tu. Mteja akitaka, unatuma boda aulete. Fremu inabaki nyeupe, ila kila ukiagiza unalipa nauli. Na nauli yenyewe ni bando.

Mimi nilikuwa kwenye njia ya kwanza bila kujua, huku kichwani naamini niko kwenye ya pili.

JINSI YA KUJUA UKO NJIA IPI

Kama unatumia Google Drive ya kompyuta: fungua mipangilio yake, utakuta chaguo mbili. "Mirror files" ni ile ya mzigo kuwa kote kuwili, inakula diski. "Stream files" ni ile ya sampuli, mafaili yanakaa wingu na yanashuka ukiyafungua. Kama kuna folda unaitaka hata bila intaneti, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Available offline". Hiyo peke yake ndiyo itakaa kwenye diski.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza: ukiweka vitu vipya kwenye "Stream files", vinapita kwanza kwenye diski yako vikisubiri kupanda. Kwa hiyo usirundike GB 20 kwa mpigo kwenye diski iliyobaki na GB 5. Panda kidogo kidogo. Wa pili: ukihama kutoka "Mirror" kwenda "Stream", folda ya zamani inaweza kubaki kwenye diski ikiendelea kula nafasi. Usiiguse mpaka mabadiliko yawe yamekamilika na umeingia kwenye tovuti ya Google Drive ukaona kwa macho yako kwamba kila kitu kipo.

Kama unatumia OneDrive kwenye Windows: angalia alama pembeni ya mafaili. Kawingu ka bluu maana yake faili liko wingu tu, halijachukua nafasi. Duara jeupe lenye tiki ya kijani maana yake uliwahi kulifungua, sasa lipo kwenye diski. Duara la kijani lililojaa lenye tiki nyeupe maana yake uliagiza likae kwenye kompyuta siku zote.

Ukitaka nafasi, USIFUTE. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya folda, chagua "Free up space". Tiki zitageuka kuwa vijiwingu, nafasi itarudi, na picha zako zitabaki salama wingu. Hicho ndicho kitufe nilichokuwa nakitafuta siku ile, mimi nikabofya cha kufuta.

Ukitaka kuhakikisha, nenda kwenye "Properties" ya faili. "Size" inakuambia ukubwa wa faili lenyewe, "Size on disk" inakuambia limekula kiasi gani cha diski yako. Faili lenye kawingu litaandika 0 hapo kwenye "Size on disk".

Na wenye simu pekee msijione mmepona. Kwenye Google Photos, ukifuta picha iliyokwisha kupanda, inaondoka kwenye simu na wingu. Kama shida ni nafasi ya simu, tumia ile sehemu ya programu yenyewe ya kupunguza nafasi. Yenyewe inaondoa za kwenye simu tu, tena zile zilizokwisha kupanda.

NILIOKOKAJE?

Wingu nalo lina pipa lake la taka, tofauti na la kompyuta. Google Drive inakaa na vilivyofutwa siku 30, OneDrive ya akaunti binafsi nayo siku 30. Zikipita, imekula kwako.

Picha zangu zilikuwa mle zote. Nikataka nibofye kurudisha haraka haraka, yule kijana akanishika mkono. "Subiri dada. Ukirudisha sasa hivi, GB 12 zinashuka tena kwenye kompyuta. Bando litaisha na diski itajaa upya." Akasimamisha kusinki kwanza, akabadilisha mpangilio mafaili yakae wingu tu, halafu ndiyo akarudisha. Hiki kitu kikumbuke: programu hizi zina sehemu ya kusimamisha kusinki kwa muda, imeandikwa "Pause syncing". Ukiona bando linaisha bila kujua linaenda wapi, anzia hapo.

Kufika saa kumi na moja jioni picha zimerudi. Nikamtumia yule mama, nikaandika na samahani ndefu. Akajibu, "Asante mwanangu, nimeshapata kwa mwingine. Wakati mwingine." Ile 80,000 ikaenda kwa mtu aliyekuwa na picha tayari mkononi. Sikuweza kumlaumu. Mteja wa mtandaoni hasubiri, na mimi ningekuwa yeye nisingesubiri.

MAMBO MANNE YA KUONDOKA NAYO

1. Kabla ya kufuta chochote, jiulize: hili faili liko ndani ya folda inayosinki? Kama ndiyo, kufuta hapa ni kufuta kote. Na ujumbe wa onyo ukitokea, soma.

2. Jua ukubwa wa stoo yako. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na humo ndani wanagawana barua pepe, Drive na Photos. OneDrive ya bure ni GB 5. Ukijaza, vipya havipandi, na wewe unaweza kukaa wiki nzima ukidhani vimepanda.

3. Kusinki si nakala ya akiba. Kosa lako linasinki kama kawaida. Picha ambazo ukizikosa huuzi, weka nakala ya pili nje ya folda ya wingu, kwenye flashi au diski ya nje. Mimi sasa kila Jumapili baada ya hesabu nachomeka flashi, nanakili picha za wiki, nachomoa. Dakika kumi.

4. Mzigo unaouza sasa hivi weka karibu. Folda yangu ya bidhaa zilizopo nimeiacha ikae kwenye kompyuta hata bila intaneti, ni kama GB 2. Mzigo wa zamani wote uko wingu tu. Diski inapumua, na mteja akiomba picha hasubiri boda.

Kabla hujalala leo, fungua kompyuta yako uangalie uko njia ipi kati ya zile mbili. Usingoje mstari mwekundu ndiyo uanze kutafuta, maana mtu mwenye haraka ndiye anayebofya OK bila kusoma.

Kama na wewe yamewahi kukukuta, andika hapo chini ulivyojinasua, kuna mwenzako anahitaji kusikia. Na kama kuna mtu unamjua anayelalamika kompyuta imejaa, mtumie hii kabla hajaanza kufuta.

Biashara njema.